Daktari wa Thogoto na wapagazi wa Kariokor

Mwezi uliopita nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi kumzika mama mmoja wa Majengo, Pumwani. Alinipangisha chumba zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilipokuwa nasomea diploma yangu, na hakunidai kodi mwezi niliokosa. Tulimsalia adhuhuri, kisha jeneza likabebwa mabegani hadi makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Tulipokuwa tunasubiri zamu ya kutia mchanga, kijana mmoja aliyesimama karibu yangu akaniuliza jina Kariokor ni la kabila gani. Alidhani ni Kijaluo.

Nikamweleza kuwa ni Kiingereza kilichopita midomoni mwetu. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha vita vya kwanza vya dunia, ndiyo iliyozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kambi ya wapagazi ilikuwa upande huu wa mji. Kijana akatazama makaburi, akatazama soko ng'ambo ya pili wanakochoma nyama na kushona viatu, akanyamaza.

Marehemu angeweza kumweleza vizuri kuliko mimi. Babu yake mzaa baba alichukuliwa upande wa Malindi mwaka 1917 kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza, na hakurudi. Bibi yake alipochoka kungoja alipanda juu kufuata habari zake. Habari hazikupatikana, naye akabaki Nairobi, akaishi kijiji cha Pangani pamoja na Waswahili wengine. Familia haijui mpaka leo mzee wao alizikwa wapi, au kama alizikwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria mtu mwengine wa mwaka ule ule wa 1917, ambaye habari zake zimeandikwa sana na watu wa kanisa lake na kidogo mno na sisi wa nje. Huyo ni Daktari John William Arthur, mchungaji Mskoti wa Thogoto. Najua wapo watakaouliza Muislamu wa Pwani anatafuta nini katika maisha ya padri wa Kipresbiteri. Naomba wanivumilie.

Kwanza, kanisa lile lilipita kwetu. Mwaka 1891 msafara wa Waskoti ukiongozwa na Daktari James Stewart ulitoka Mombasa kwenda bara ukiwa na wapagazi wa Pwani. Vitabu, dawa, misumari na mahema vilikwenda vichwani mwa watu wetu hadi Kibwezi, kwani reli ilikuwa bado. Kibwezi malaria iliwamaliza. Mmoja wa waliosalia, Thomas Watson, ndiye aliyehamisha misheni hadi nchi ya Wakikuyu mwaka 1898, wakati wa njaa kubwa na ndui. Alifariki mwaka 1900, na mkewe Minnie akabaki pale zaidi ya miaka thelathini. Mahali pale wenyeji walipaita Thogoto, nalo ni neno Scot kama walivyolisikia wao.

Arthur alifika Thogoto mwaka 1907. Alizaliwa Scotland mwaka 1881 na alisomea udaktari Glasgow. Yeye hakutembea kutoka pwani kama wale wa mwanzo. Alipanda treni Mombasa, akashuka bara katika nchi ambayo Nairobi yake ilikuwa bado mji wa mabati, haujatimiza hata miaka kumi. Lakini kazi aliyoikuta ilikuwa ya mpakani hasa: watu wachache sana wanaojua kusoma, wagonjwa wengi, na wazee wasiomwamini. Hospitali ya Kikuyu ilifunguliwa mwaka 1908, na watu walianza kumzoea kwa kisu na dawa kabla ya kumzoea kwa mahubiri. Mwaka uliofuata alifika kijana mmoja wa kikondoo aitwaye Kamau wa Ngengi, akabatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Huyo ndiye Jomo Kenyatta.

Mkuu wa misheni, Henry Scott, alifariki mwaka 1911, na mzigo wote ukamwangukia Arthur. Hakuwa hata mchungaji wakati ule, aliwekewa mikono mwaka 1915. Alikuwa na miaka thelathini tu, na kwa maelezo yote alikuwa mtu wa pupa: anapenda michezo, anapenda kupanda Mlima Kenya, anataka kila jambo liishe leo.

Mwaka 1913 misheni yake ilikuwa mwenyeji wa mkutano ambao wasomaji wa Zanzibar huenda wamewahi kuusikia. Misheni za Kiprotestanti zilikutana Thogoto kuona kama zingeweza kuungana. Mwisho wa mkutano askofu wa Kianglikana wa Mombasa aliongoza ibada ya ushirika ndani ya kanisa la Waskoti, na watu wa madhehebu mbalimbali wakashiriki. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliposikia alikasirika kupita kiasi, akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Zogo lilifika Uingereza na magazeti ya huko yakalishughulikia mpaka vita vilipokuja kulifunika. Mlikumbuke jina la Weston, nitarudi kwake.

Vita vikaja Agosti 1914. Mwingereza na Mjerumani walipigania Tanganyika, nchi isiyo na barabara, ambako ndorobo waliua farasi na ng'ombe. Kilichobaki kubeba chakula na risasi ni kichwa cha binadamu. Huku kwetu Wagiriama walikuwa wameshaonja shinikizo la kutoa vijana, na ni sehemu ya yaliyowasha vita vyao na serikali mwaka ule ule. Wapagazi walitembea wakiwa na blanketi moja na posho ya unga usiopikika vizuri. Waliouawa na risasi ni wachache. Waliobaki walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria. Makaburi mengi hayana jina. Idadi ya waliokufa kwa upande wa Mwingereza inahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na hata serikali yenyewe haikuweza kuitaja kwa uhakika kwa sababu daftari hazikutunzwa.

Mapema mwaka 1917 serikali ilitaka watu wengi zaidi. John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kuwakusanya, na machifu wakapewa hesabu ya kutimiza. Wavulana wa misheni nao walikuwa katika hatari ya kukamatwa njiani kama wengine.

Hapa ndipo Arthur alipofanya jambo ambalo mimi nimelipindua kichwani kwa wiki kadhaa. Aliiendea serikali akaomba watu wa misheni wajitolee wenyewe, wawe kikosi chao, chini ya wamisionari wao. Akakubaliwa. Kikapatikana kikosi cha Kikuyu Mission Volunteers, karibu watu 2,000 kutoka misheni yake na misheni jirani, na yeye akavaa cheo cha kapteni akaondoka nao kwenda Tanganyika.

Walikuwa wapagazi kama wapagazi wengine. Mizigo ilikuwa ile ile na njia ile ile. Tofauti ni kwamba kapteni wao alikuwa daktari, anawajua kwa majina, anawajua baba zao, anajua lugha yao. Alisimamia maji yachemshwe na unga uive. Mgonjwa alijulikana kabla hajaanguka. Jioni walisali pamoja. Kikosi kile kilipoteza watu, lakini wachache kuliko vikosi vilivyokuwa mikononi mwa maafisa wasiomjua mpagazi ila kwa namba. Wengi wa watu wa Arthur walirudi makwao.

Sasa mtu atasema hilo ni jema, na mimi nasema ni jema. Daktari yule hakukaa Thogoto kuandika barua. Alikwenda nao. Lakini chukua upande wa pili. Kile alichokithibitisha Arthur ni kwamba wapagazi hawakuwa lazima wafe vile. Haikuhitaji dawa mpya. Ilihitaji maji ya moto, unga ulioiva, na mtu mwenye mamlaka anayejali. Babu wa mama yetu wa Majengo hakuwa na misheni ya kumsemea. Hakuwa na kapteni aliyemjua mamake. Jina lake aliandikiwa na karani, na karani huenda alilikosea.

Simlaumu Arthur kwa kuwapenda walio wake. Nani asiyeanza na walio wake? Ninachouliza ni alifanya nini na ujuzi ule baada ya vita, alipokuwa na sauti kubwa kuliko Mwafrika yeyote nchini.

Vita viliisha na malipo yakawa haya: askari Wazungu waligawiwa mashamba katika nyanda za juu, Waafrika wakagawiwa kipande cha kuning'iniza shingoni. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikupata wenyewe, na serikali ya Uingereza haikukubali kuitoa. Mwaka 1919, chini ya Gavana Northey, ikatoka amri ya kuwataka maafisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na kila aliyeijua nchi hii alijua maana ya kuhimizwa na chifu. Maaskofu wa Mombasa na Uganda pamoja na Daktari Arthur waliandika waraka. Waliipinga amri ile kwa sababu ilikuwa inaficha shuruti nyuma ya maneno laini. Lakini hawakuikataa shuruti yenyewe. Walikubali kazi ya lazima kwa mahitaji ya serikali, mradi iwe na sheria na masharti yake.

Na hapa ndipo Weston wa Zanzibar anaporudi. Bwana huyu naye alikuwa ameongoza wapagazi. Mwaka 1916 alikusanya kikosi cha Zanzibar, akapewa cheo cha meja, akatembea nao bara kwa miguu. Alipoona waraka wa wenzake hakuridhika nao. Mwaka 1920 alitoa kijitabu kilichoiita hali ile utumwa chini ya bendera ya Uingereza, akaishambulia shuruti yote bila kubagua ya serikali na ya mkulima. Nimeshangazwa sana na watu hawa wawili. Yule aliyekuwa mkali hata asitake kula meza moja ya Bwana wake na Mpresbiteri ndiye aliyekuwa mkali kwa serikali. Yule wa moyo mpana, aliyetaka makanisa yote yakae pamoja, alitaka pia kukaa pamoja na Gavana.

Nadhani Arthur aliamini kwa dhati kuwa mtu anapata zaidi akiwa ndani ya chumba kuliko akiwa nje ya mlango. Tunao wengi wa aina hiyo hata leo, katika kaunti zetu na katika misikiti yetu, na si wote ni wabaya.

Chumba alikipata. Mwaka 1924 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kuwakilisha maslahi ya Waafrika, baadaye akaingia Baraza la Utendaji. Mskoti mmoja alisema kwa niaba ya Mkikuyu, Mgiriama, Mjaluo na Mswahili. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakukalia kiti katika Baraza la Kutunga Sheria hadi mwaka 1944.

Wakati huo Eastlands tunayoijua ilikuwa inaanza. Vijiji vya Waswahili na wapagazi wa zamani, vilivyoitwa Mombasa, Maskini na Kaburini, vilibomolewa na watu wakasukumwa Pumwani, iliyoanzishwa mwanzo wa miaka ya 1920. Pangani ilivumilia mpaka mwisho wa miaka ya 1930, ndipo watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Katika vijiji hivyo Harry Thuku alipata wafuasi, Wakristo na Waislamu. Mmoja wa viongozi wenzake alikuwa Abdulla Tairara, Muislamu. Thuku alipokamatwa Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi na ukapigwa risasi, naye akapelekwa kizuizini Kismayu. Watu wa mjini walikuwa wameanza kujisemea wenyewe. Arthur na misheni yake waliona usalama zaidi katika chama cha machifu na wazee, chenye adabu na barua zilizopigwa taipu.

Kuna jengo moja ambalo ni lazima nilitaje. Shule ya upili ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu Machi 1926, na Arthur alikuwa mstari wa mbele kati ya walioihangaikia. Sehemu ya fedha zake ilitoka katika mfuko wa msaada wa vita, uliokusudiwa kuwakumbuka Waafrika waliotumikia na kufa katika vita vile. Kwa maneno mengine, ni fedha za wapagazi. Shule ile imetoa mawaziri, majaji na maprofesa, Mathu mwenyewe akiwa mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, na sina neno baya juu ya elimu yake. Lakini ilikuwa shule ya muungano wa misheni za Kiprotestanti, na njia ya kuifikia ilipita katika shule za misheni. Mjukuu wa mpagazi Muislamu wa Pumwani au Malindi angepitia wapi? Sisi Pwani tulikaa mpaka mwanzo wa miaka ya 1950 ndipo Mombasa ikapata chuo cha ufundi cha Waislamu. Wazee wetu nao wana lao la kujibu, kwa kuogopa shule mpaka ikachelewa, na kwa hilo siwatetei.

Yaliyomwangusha Arthur ni mambo ya mwaka 1929. Kwa miaka mingi alikuwa akipinga tohara ya wasichana. Alikuwa daktari, aliona akina mama wakitaabika uzazini, na katika hilo naamini alikuwa sahihi. Sheria yetu ya mwaka 2011 inasema alivyosema yeye, na masheikh wengi wa hapa kwetu sasa wanasema hivyo hivyo. Lakini alichofanya ni kuwatoza waumini kiapo. Kila muumini, kila mwalimu, aweke alama kwamba anaikana desturi ile na anakikana chama cha KCA. Aliliweka jambo la mwili wa msichana na jambo la siasa na ardhi katika karatasi moja, akasema chagueni.

Wakachagua. Katika muda wa wiki chache sehemu kubwa ya waumini wa Thogoto ilimwacha. Watoto waliondoka shuleni, na wazazi wakaanzisha shule zao huru bila mzungu. Ukazuka wimbo wa Muthirigu, ukimtaja na kumkejeli yeye na wenzake, ukaimbwa mashambani na mjini mpaka serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Kumbuka hawa si wageni. Wengine walikuwa wale wale aliowachemshia maji Tanganyika, na watoto wao. Yule Johnstone aliyebatizwa Thogoto alikuwa London akipeleka malalamiko ya KCA. Na serikali ambayo Arthur aliikalia karibu miaka yote ile haikumsitiri: alilazimika kujiuzulu Baraza la Utendaji.

Hakuondoka nchini. Alibaki miaka minane zaidi, akashuhudia kanisa kubwa la mawe la Torch likikamilika, na kanisa likianza kuwa mikononi mwa wachungaji Waafrika kama Musa Gitau, aliyewekewa mikono mwaka 1926. Alistaafu mwaka 1937 akarudi Scotland, akafariki mwaka 1952. Mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na Kenyatta akakamatwa.

Ukipita Bahati leo utaona kanisa la PCEA, na yapo mengine mpaka Umoja na Kayole. Jumapili waumini wake wanabanana barabarani na watu wa soko. Nilimuuliza jirani mmoja wa marehemu, mzee wa kanisa, aliyekuja matangani akakaa nasi kwenye mkeka mpaka usiku. Daktari Arthur anamjua kwa picha ya ofisini. Habari za kikosi cha 1917 hakuwa amezisikia, ingawa yeye mwenyewe amekulia Kariokor. Nikamsimulia. Akaniambia babu yake naye alikwenda vita vile, na alirudi, na alikuwa wa Thogoto.

Basi tukawa tumekaa pale, mjukuu wa aliyerudi, na waliofiwa na mjukuu wa asiyerudi, tunakunywa chai ya tangawizi. Yule mzee akauliza jina la babu wa marehemu. Mtoto wake mkubwa akalitaja. Mzee akatoa kalamu, akaliandika nyuma ya bahasha ya rambirambi, akauliza kama tahajia yake ni sawa.